Kifungua mimba ana akili kuliko wadogo zake: ukweli au majivuno yetu wakubwa?

Mleta mada:
Wakuu, nakiri mapema kwamba mimi ni kifungua mimba. Juzi nilimwambia mdogo wangu kuwa sisi wakubwa tumejaliwa akili, akanicheka. Nikaingia kusoma. Mwaka 2007 watafiti Kristensen na Bjerkedal walichambua alama za majaribio ya akili ya vijana karibu 240,000 walioitwa jeshini Norwei. Wa kwanza kuzaliwa waliwazidi wa pili kwa wastani wa alama 2.3 hivi za IQ, yaani kipimo cha akili. Mwaka 1973 vijana karibu 400,000 wa Uholanzi walionyesha mwelekeo huohuo. Mnabisha? Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Nabisha. Hiyo ya Uholanzi iweke pembeni, maana ililinganisha watoto wa familia tofauti. Mtoto wa sita lazima atoke kwenye familia ya watoto sita au zaidi. Wa kwanza anatoka kwenye kila familia. Kama wenye watoto wengi ndio wenye kipato kidogo, umepima umaskini ukadhani umepima zamu ya kuzaliwa. Joseph Lee Rodgers na wenzake walilisema hili mwaka 2000: linganisheni ndugu wa nyumba moja.

Mleta mada:
Wamelinganishwa, mkuu. Hukohuko Norwei walipima ndugu kwa ndugu, pengo likabaki. Mwaka 2015 Rohrer, Egloff na Schmukle wakatumia takwimu za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani: kila ukishuka nafasi moja, wastani unapungua kama alama 1.5. Tabia, kama upole au uchangamfu, hawakukuta tofauti ya maana, kwa hiyo zile hadithi za kitinda mimba kudeka tuziache.

Mchangiaji wa pili:
Mziwanda nimefika. Alama mbili na nukta! Mpime mtu yuleyule leo na mwezi ujao, alama zake zinaweza kupishana kuliko hapo. Piga hesabu: kwa pengo dogo namna hiyo, katika kila jozi kumi za ndugu, mdogo anamzidi mkubwa kwenye nne hivi. Mdogo wako alikuwa na haki ya kucheka.

Mchangiaji wa tatu:
Mnabishania ukubwa wa pengo, mimi nataka chanzo chake. Norwei waliwaangalia pia watoto wa pili ambao kaka au dada yao alifariki akiwa mchanga. Alama zao zilikaribia za kifungua mimba. Basi si tumbo la mama, ni nafasi unayoikalia ndani ya nyumba. Zajonc na Markus walishatoa maelezo mwaka 1975: mkubwa anaanza maisha akizungukwa na watu wazima tu, kisha anageuka mwalimu wa wadogo. Hili la ualimu naliamini kwa yaliyonikuta. Nilipomfundisha mdogo wangu kutoa kwa kukopa, aliniuliza tunakopa kwa nani, nikagundua miaka yote nilikuwa nakariri tu.

Lakini nafasi hiyo si ileile duniani kote. Huko Ekuado, utafiti wa de Haan, Plug na Rosero wa mwaka 2014 ulikuta kinyume: wakubwa ndio wanaoachwa nyuma, hasa kwenye familia maskini, na mama anawapa muda mchache kuliko wadogo zao. Indonesia nako, mwaka 2021, watafiti hawakuona tofauti ya maana ya akili. Kwa hiyo mleta mada, ukisema "sisi wakubwa", taja wakubwa wa wapi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwenye nyumba, si tumbo, nakubali. Kichwa cha mada kibadilishwe.

Mleta mada:
Nitabadilisha. Tatizo ni kwamba mdogo wangu ameshasoma yote haya. Ameniuliza kama sisi wawili tumo kwenye zile jozi sita au zile nne, na anataka tukapimwe wote siku moja. Natafuta udhuru.