Tupeane uzoefu: tamthilia uliyokua nayo inapoanzishwa upya kwenye komiki

Seremala wa Keko
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu jumapili naomba tupeane uzoefu. Wale wa Buffy the Vampire Slayer mpo, ile tamthilia ya Marekani ya binti anayewinda vampaya? Misimu 7, episodi 144, ilianza 1997 ikaisha 2003, mimi nilikuja kuikuta baadae sana kwa CD za kukodi zile zilizobanwa episodi kibao kwenye CD moja, inakwama katikati, unaitoa unaifuta na kanga ya mama unairudisha unaomba Mungu. Sasa mdogo wangu kanirushia komiki mpya za Buffy za kampuni ya Boom! Studios, zile zilizoanza januari 2019, kaandika Jordie Bellaire, kachora Dan Mora. Michoro sina neno, Buffy ukimtazama ni yule yule Sarah Michelle Gellar aliyemuigiza kwenye runinga. Lakini wameanza moja kabisa. Buffy yuko shule zama hizi za simu, baada ya masomo anauza chakula kwenye mgahawa. Hayo nikameza. Kilichonimaliza ni Xander, rafiki yake Buffy.

Kwenye tamthilia kila mtu ana chake. Buffy ana nguvu, rafiki yao Willow mchawi, Giles mlezi wao ana vitabu na akili, Xander hana kitu. Chuo hakwenda, kahangaika na vibarua mpaka akaangukia kwenye ujenzi na useremala. Mwisho wa msimu wa 6 Willow kachanganyikiwa baada ya mpenzi wake Tara kuuawa anataka kuifuta dunia, Giles yuko chini hoi, Buffy hayupo pale, anaekwenda kumsimamisha ni Xander mikono mitupu, anamkumbusha walivyokuwa chekechea Willow alivyovunja kalamu ya rangi ya njano akalia kwa kuogopa kusema. Anapigwa anaanguka, anainuka, anarudia kumwambia nakupenda. Mimi niliiona hiyo nikiwa nimefeli kidato cha nne, nimeanza kushika randa kwa mjomba na naona aibu kupita mbele ya wenzangu. Nililia usiku ule, asubuhi nikaenda kazini nimenyooka.

Sasa kwenye komiki Xander anang'atwa, Willow anampa nusu ya roho yake ili asipotee, anabaki nusu mtu nusu vampaya. Wamempa nguvu! Uzuri wake wote ulikuwa hana. Nani mwingine kaumia hivi, au niko peke yangu?

Binti Mzizima
Kalamu ya njano... umenigusa mkuu.

Mtu wa Umoja
Sisi Nairobi tulikuwa tunanunua DVD hamsini bob kwa movie shop, mimi nilikuwa nakosa lunch juu ya Spike, yule vampaya. Lakini nikuambie ukweli brathe, hii ya Boom ni afadhali mara mia. Ungesoma zile komiki za kampuni ya Dark Horse, Season 8 ya 2007, ungetupa simu. Dawn, mdogo wake Buffy, anageuka jitu refu kama nyumba, halafu mwishoni Angel, yule vampaya aliyependana na Buffy, anamvunja Giles shingo. Giles! Nilikaa wiki siongei na mtu.

Kitabu na Karanga
Umoja unachanganya mafaili. Season 8 sio kuanzisha upya, ule ni mwendelezo, Joss Whedon mwenyewe aliyeibuni tamthilia aliusimamia, na ukaenda hivyo hivyo mpaka Season 12 mwaka 2018 ndipo Boom wakaanza moja mwaka uliofuata. Mada inasema kuanzishwa upya.

Mtu wa Umoja
Najua ni mwendelezo, nimesoma zote 40 za Season 8. Nimesema tu maumivu ya wapi ni makubwa. Kwani maumivu yana kitambulisho?

Kitabu na Karanga
Na wewe Seremala nikukumbushe, hata tamthilia yenyewe ilikuwa ni kuanza upya. Filamu ilitoka 1992, Buffy akiwa Kristy Swanson, haikwenda ilivyotakiwa, ndio mwaka 1997 wakarudia kwa runinga. Wasingeanza upya wewe usingekuwa na Xander wala kalamu yake.

Seremala wa Keko
Hapo umenibana, nakiri. Ila waliporudia walimuongeza Xander, hawakumchukua Xander wa mtu wakambadilisha damu.

Mwana wa Leicester
Mimi niko Uingereza, hizo komiki nilizikuta dukani nikiwa nimetoka shifti ya usiku, nikafungua nisimame kidogo tu. Ndani namuona Jenny Calendar, yule mwalimu mpenzi wa Giles, yuko na Giles, wazima wote wawili. Mnaijua ile ya msimu wa 2, Giles anaingia ndani kuna mawaridi na muziki na mishumaa, anapanda ngazi anatabasamu anadhani kaandaliwa usiku mzuri, kumbe Angel kamuua Jenny na kumlaza kitandani. Nimeibeba picha hiyo zaidi ya miaka kumi. Nililipa sikuuliza bei.

Nuru ya Asubuhi
Watu wazima mnajaza vichwa mambo ya mashetani na wachawi halafu mnalia. Someni neno.

Binti Mzizima
Mpendwa, huyo Buffy kazi yake ni kuwaua hao mashetani. Na tunalia kwa ajili ya watu, sio mashetani.

Dada wa Chumbageni
Sikutaka kuchangia ila hapo kwa Jenny nimeshindwa. Itakuwa ndefu mnisamehe.

Mama yetu alifariki 2009 nyumbani Tanga. Mimi nilikuwa na miaka 17 na mdogo wetu wa mwisho ana miaka 3. Asubuhi aliamka mzima, kapika uji, akasema kichwa kinamgonga anajinyoosha kidogo. Mimi ndio niliyerudi dukani na mkate nikamkuta kwenye kochi. Nikamuita. Nikamuita tena, nikamtikisa bega, kisha kabla sijapiga kelele za kuita watu nikamshusha kanga vizuri, maana mguu ulikuwa wazi na nilijua majirani watajaa, wanaume na wanawake. Baada ya laasiri kashazikwa. Ile habari ya kanga sikumwambia mtu, niliona vibaya kwamba mama yangu kafa na mimi nawaza mguu.

Miezi kama mitatu ikapita, binamu yangu akaja na CD za msimu wa 5 ili anitoe mawazo, masikini hakujua na mimi sikujua. Tukafika ile inaitwa The Body. Buffy anaingia nyumbani mchana kweupe, anaona maua, anamuita mama yake, anageuka, Joyce yuko kwenye kochi macho wazi. Hakuna muziki episodi nzima, hata chembe, unasikia pumzi za watu na kelele za nje tu. Na kabla watu hawajafika Buffy anamshusha mama yake sketi. Jamani. Nilitoka nje pekupeku nikakaa kwenye ngazi za jirani mpaka maghrib. Nilijiuliza nani kamwambia yule mwandishi.

Sasa yule mdogo wangu nimemlea mimi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa korona, ana miaka 14, akakuta hizo komiki za Boom kwenye simu yangu tukawa tunasoma wote kitandani. Na humo Joyce yupo, mzima, mama wa kawaida na binti yake. Mimi kila akitokea Joyce vidole vinakufa ganzi, mdogo wangu ananiambia dada geuza basi. Yeye kumbukumbu ya mama hana hata moja. Joyce anaemjua ni huyu tu, aliye hai. Kwa hiyo kaka Seremala nakuelewa na Xander wako, lakini mimi sitaki mtu aisemee vibaya hiyo komiki. Shida yangu nyingine: sasa anataka kuiona tamthilia tangu mwanzo, na mimi nampiga chenga kila siku. Nimuoneshe au nisimuoneshe?

Mtu wa Umoja
Pole sana dada. Sina maneno.

Binti Mzizima
Pole mamii. Na usijilaumu kwa ile kanga, ulimsitiri mama yako. Ndio heshima ya mwisho uliyompa.

Kitabu na Karanga
Pole sana. Whedon alimpoteza mama yake mwenyewe na aliiandika kutokana na hilo, ndio maana imekaa vile. Ushauri wangu mwangalie yote ila hiyo uiruke, mhadithie kwa mdomo.

Mwana wa Leicester
Usiruke. Mtoto akija kuiona peke yake akiwa bwenini itakuwa mbaya zaidi. Humo Dawn ndio mdogo, na mwishoni anaingia chumba cha maiti kwa sababu anataka kumuona mama yake mwenyewe, ananyoosha mkono kumgusa. Mdogo wako ni Dawn. Ana haki.

Nuru ya Asubuhi
Mpeleke kwanza kaburini kwa mama yenu dada, mkae, umsimulie mama alikuwa mtu wa namna gani. Mengine yatafuata. Pole sana, nitawaombea.

Kitoto cha Mwisho
Ila nyie mnajua komiki inavyoenda mbele? Mimi nimemaliza, huko Joyce

Binti Mzizima
ISHIA HAPO HAPO.

Mtu wa Umoja
Wewe kijana futa. Usimalize hiyo sentensi.

Seremala wa Keko
Dada wa Chumbageni pole sana. Nimesoma mara mbili nimeacha msumeno. Xander wangu bado ananiuma, siwezi kudanganya, nikiona yale meno nafunga. Ila nilikuwa nataka kuwaambia wote msinunue, hilo nimeliondoa. Mdogo wako anampenda Xander?

Dada wa Chumbageni
Anampenda kuliko wote. Anasema anachekesha halafu anaogopa kama yeye.

Ahsanteni wote nimesoma kila mmoja. Alhamisi tulikwenda kwa mama, mimi nikasimulia mpaka sauti ikakata, na ya kanga nikamwambia, ni mtu wa kwanza. Akanishika mkono tu. Ijumaa usiku tukaanza msimu wa 1, kacheka sana zile nguo na kompyuta kubwa za maktaba ya Giles. Nimehesabu, kabla ya kufika ile kuna episodi 93. Tutaangalia mbili kila mwisho wa wiki, kwa hiyo nina karibu mwaka mzima.

Seremala wa Keko
Mkifika kwenye kalamu ya njano niambie, na mimi nitairudia siku hiyo hiyo.