Naomba ushauri: upinde wangu wa kwanza umepasuka, sitaki wa pili uishie vilevile

MjukuuWaFarkwa

Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa, naombeni msaada wenye kujua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Msandawe wa Farkwa, wilaya ya Chemba. Alipofariki, upinde wake ulibaki umechomekwa kwenye paa la nyumba ya bibi pamoja na podo lenye mishale sita. Ugwe, yaani kamba yake, ulikuwa wa mishipa ya mnyama, panya wameshaumaliza. Nimeupima: urefu sm 161, unene wa katikati sm 2.6, mviringo mtupu, hauna hata mahali palipochongwa pa kushikia. Mimi nimekulia Dodoma mjini, sikuwahi kukaa pembeni yake akichonga, na hilo linaniuma mpaka leo. Nataka nitengeneze wangu kwa mikono yangu. Si wa kuwinda, ni wa kulenga gunia nyuma ya nyumba.

Bibi aliniambia nitafute mti wa mkole. Nikakata fito mbili shambani kwetu, zimenyooka, kila mmoja kama sm 180. Wa kwanza niliubandua gome siku hiyohiyo, nikauanika juani ukauke haraka. Baada ya siku kumi nikaupiga randa pande zote nne mpaka ukawa bapa na laini kama mguu wa kiti. Nikafunga kamba ya nailoni, nikaanza kuvuta. Nilipofika kama sm 40 nikasikia "tik" ndogo. Nikasimama, nikakagua, sikuona kitu. Nikavuta tena. Mkono wa juu, yaani nusu ya juu ya upinde, ukapasuka, kipande kikapita karibu na sikio.

Ufito wa pili uko darini jikoni, bado una gome lake. Naogopa kuugusa. Nimekosea wapi? Na nitajuaje kwamba mikono miwili inapinda sawa?

RandaNaTupa

Pole sana mkuu, na Mungu ashukuriwe jicho lipo. Kabla sijasema lolote, kachukue kile kipande kilichopasuka uangalie ufa umeanzia wapi. Mgongoni au tumboni? Mgongo ni upande unaotazama shabaha ukivuta, tumbo ni upande unaokutazama wewe.

MjukuuWaFarkwa

Nimekiangalia na tochi. Umeanzia mgongoni, pale palipokuwa na fundo dogo kama punje ya hindi. Nilikuwa nimelipiga randa likalingana na mti mwingine. Nyuzi za mti zinakuja zimenyooka, zikifika hapo zinapinda kulizunguka fundo, halafu zinakatika ghafla kama zimepitiwa na wembe. Ufa umefuata palepale.

RandaNaTupa

Basi jibu umelishika mkononi. Upinde ukivutwa, mgongo unatanuka na tumbo linabanwa. Mti unavumilia kutanuka iwapo nyuzi zake zinakwenda bila kukatika kutoka ncha hadi ncha. Randa haifuati nyuzi, inakwenda ilikonyooka, na kila penye kinundu inakata. Mimi ni seremala mwaka wa 14 huu, na upinde wangu wa kwanza ulikufa kwa sababu hiyohiyo, maana mkono wa seremala umezoea kusawazisha.

Ufito wa pili usiuguse mgongoni kwa chuma chenye makali. Gome libandue, likigoma likwangue polepole kwa upande butu wa kisu. Kile kinachobaki chini ya gome ndicho mgongo wako, na mabonde yake na vinundu vyake uviache. Wenzetu wa nchi za baridi hupasua gogo wakafuata pete moja ya mwaka mgongo mzima. Miti yetu mingi pete zake hazionekani vizuri, ndiyo maana ufito mwembamba wenye ngozi yake ya asili unatufaa kuliko ubao wa dukani. Babu yako alilijua hili, ndiyo sababu upinde wake ni mviringo. Kuchonga kote kufanyike tumboni na ubavuni. Penye fundo acha nyama kidogo zaidi.

La pili ni kukausha. Siku kumi juani, nje kumekauka na ndani bado kubichi. Paka ncha zote mbili rangi au gundi ya mbao zisichanike. Toa umbo la awali ungali mnene, uufunge kwenye ubao ulionyooka usije ukapinda, uweke kivulini penye hewa. Kisha uupime kwenye mizani ya duka kila baada ya siku tatu na uandike. Uzito ukikaa palepale wiki mbili, anza kazi. Kuhesabu siku hakusaidii, mkole wa mkono wako na wa mkono wangu haukauki kwa siku sawa.

Usifanye mahali pa kushikia. Acha upinde wote upinde, katikati mpaka karibu na ncha, ili mzigo ugawanyike. Na usiufupishe: kwa mtu anayeanza, sm 165 hadi 170 zinasamehe makosa mengi.

WaKitui

Hujambo ndugu. Mimi ni Mkamba, nyumbani Kitui, na kwetu uta, yaani upinde, ni kitu cha heshima, kwa hivyo nimefurahi kuona kijana anataka kurudisha wa babu yake.

Hiyo kamba ya nailoni itoe. Nailoni inanyumbuka, unajikuta unavuta kamba badala ya mti, na mshale hautoki na nguvu. Tafuta uzi wa polyesta usionyumbuka. Kunja nyuzi nyingi pamoja, gawanya mafungu mawili, kila fungu lisokote kwenda kulia halafu yapishanishe kwenda kushoto, kama tunavyosokota kamba ya katani. Paka nta ya nyuki mpaka ishikane. Ugwe uwe na uwezo wa kubeba mara nne ya nguvu ya upinde, usipunguze hapo. Ukikatika umevutwa, unaweza kuvunja mti wenyewe.

Mjomba wangu akimaliza kuchonga huupitisha upinde juu ya makaa, upande wa tumbo peke yake, mpaka ubadilike rangi kidogo. Unakuwa mgumu zaidi.

Asha_Shabaha

Naunga mkono ya makaa, ila si kwa upinde wa kwanza. Moto ukifika mgongoni unaufanya mti uwe mkavu kupita kiasi na unakatika. Kaka, acha hilo kwa upinde wa tatu.

Nipo Marekani, Minnesota, na huku nimejifunza kwa wazee wanaochonga pinde za mbao tupu. Nikueleze swali lako la mwisho, maana hapo ndipo upinde unapozaliwa au kufa. Kuchonga umbo ni kazi ya siku moja. Kuufundisha kupinda ni kazi ya wiki.

Kwanza ujue unene una nguvu kuliko unavyodhani. Ukipunguza upana nusu, ugumu unapungua nusu. Ukipunguza unene nusu, ugumu unaobaki ni moja ya nane. Kwa hiyo unapokaribia mwisho weka panga na randa mbali, tumia tupa, kisha kipande cha kioo kilichovunjika, ukikwangua unga tu. Shika kioo kwa kitambaa kinene.

Tengeneza nguzo ya kufundishia. Gongomea ukutani kipande cha mbao chenye mfuo, laza upinde hapo tumbo likitazama chini, fungia kamba ndefu iliyolegea kwenye ncha zote mbili. Kamba nyingine ivute hiyo ya kwanza kwenda chini, ipite kwenye kapi lililofungwa sakafuni, ije mpaka ulipo wewe hatua nne tano nyuma. Ukuta uchore mistari ya mlalo kwa mkaa. Sasa unavuta ukiwa mbali, macho yanaona mikono yote miwili kwa pamoja, na ukipasuka hauko karibu nao.

Vuta kidogo tu. Tafuta sehemu iliyonyooka isiyopinda, weka alama ya penseli tumboni, kwangua hapo. Tafuta sehemu inayopinda kupita wenzake, sisi tunaiita kiwiko kwa sababu mkono unakunjika pale tu. Penye kiwiko usiguse kabisa! Kwangua pande zake mbili mpaka zikifikie. Kila ukikwangua, vuta taratibu mara thelathini kabla hujaangalia tena, maana mti unachelewa kuonyesha ulichoufanya. Na sheria ambayo sijawahi kuivunja bila kujuta: amua mapema nguvu unayotaka, tuseme kilo 13, ning'iniza mizani ya ndoano kwenye kamba, na usivute kuzidi kilo hizo hata siku moja hata kama umefika sm 30 tu. Upinde ukiwa mgumu, jibu ni kukwangua, kamwe si kuvuta kwa nguvu.

Ukiona mikono inalingana mpaka sm 35 hivi, ndipo uufunge ugwe mfupi. Kuanzia hapo nenda sentimita tatu tatu. Urefu wa mvuto wako uupate hivi: nyosha mikono yote miwili, pima kidole cha kati hadi kidole cha kati, gawanya kwa 2.5. Mwenye sm 170 atapata 68.

Na ile "tik" uliyoisikia ndiyo mti ukikwambia acha. Ukiisikia tena, fungua ugwe hapohapo, pitisha pamba mgongoni taratibu. Penye kijibanzi kilichonyanyuka pamba itanasa.

KivuliChaMkwaju

Mwanangu, wenzako wamekueleza ya upinde na wamesema vizuri. Mimi nimeshtushwa na ile mishale sita.

Iangalie ncha zake bila kuzigusa. Kama chini ya chembe, yaani kichwa cha mshale, kuna kitu cheusi kama lami iliyokauka, au pamezungushiwa kiukanda cha ngozi nyembamba, hiyo ni sumu. Huku kwetu Tanga na kule pwani ya Kenya ilipikwa kwa mti wa msunguti, gome na vijiti vinachemshwa mpaka ibaki lami. Inakwenda kwenye moyo. Ikihifadhiwa pakavu hukaa na ukali wake miaka mingi, na ukanda ule wa ngozi kazi yake ilikuwa kuitunza na kumkinga mwenyewe asijikwaruze. Haihitaji jeraha kubwa, mchubuko wa kidole unatosha. Watoto wanaingia chumba hicho?

Usijaribu kuikwangua wala kuichoma moto ndani. Vaa glavu nene, iweke kwenye bomba la plastiki lililozibwa pande zote mbili, uandike SUMU, uiweke mahali pa kufungwa na kufuli. Na panya wakifa huko darini usiwaokote kwa mkono mtupu.

Jambo jingine dogo: fito za shambani kwenu ni zako, ukienda msituni omba kibali TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) au uanzie ofisi ya kijiji. Na upinde huo ubaki wa gunia kama ulivyosema, kuwinda bila leseni ni kosa.

MjukuuWaFarkwa

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ujumbe wako mikono ikitetemeka, kwa sababu mwezi uliopita mwanangu wa miaka sita aliomba mshale mmoja achezee na nilikuwa karibu kumpa. Nimempigia shangazi sasa hivi, amekifunga chumba. Jumamosi naenda Farkwa na bomba la plastiki. Bibi amethibitisha: minne ina sumu, miwili ni ya ndege, haina. Ahsante sana.

WaKitui

Marahaba kwa niaba ya mzee. Hiyo miwili ya ndege itunze, utaipima urefu na uzito ukitengeneza yako. Na usiachie ugwe bila mshale hata kwa kujaribu, nguvu yote inarudi kwenye mti.

MjukuuWaFarkwa

Wakuu nimerudi, ni wiki ya tisa tangu nianzishe uzi huu.

Mishale imehifadhiwa kama mzee alivyoelekeza. Ufito wa pili niliupima dukani kwa jirani mpaka akazoea kuniuliza "leo umepungua?" Ulianza na gramu 1,140 baada ya umbo la awali, ukasimama kwenye 870. Mgongo sikuugusa. Kuna vinundu vitatu, viko vilevile kama vilivyozaliwa.

Kwenye nguzo niligundua mkono wa chini hauna tatizo, ila wa juu ulikuwa na kiwiko kama sm 20 kutoka ncha. Dada Asha, bila wewe ningekwangua palepale. Nilikwangua pande zake siku nne, jioni baada ya kazi, unga mwembamba unaanguka kwenye viatu, navuta thelathini, naangalia, narudia. Siku ya tano kiwiko kilipotea. Nilikaa chini nikautazama tu.

Sasa una urefu wa sm 166 na nguvu ya kilo 13 nikivuta sm 62. Nilitaka 68, lakini nilipofika 63 nikasikia ile "tik". Safari hii nilifungua ugwe hapohapo. Pamba ilinasa kwenye kinundu cha pili, kijibanzi cha urefu wa ukucha. Nimekitia gundi, nimekizungushia uzi kwa sm 4, na nimeamua mvuto wake uishie 62.

RandaNaTupa

Umefanya kazi ya mtu mzima mkuu. Ukifungua ugwe, upinde unarudi kunyooka au unabaki umejikunja?

MjukuuWaFarkwa

Unabaki umejikunja sm 3. Nikiuacha usiku mzima bila ugwe, asubuhi nakuta sm 2.

RandaNaTupa

Hiyo ni nzuri sana kwa ufito wa kwanza kufika shabaha. Kila ukimaliza kulenga uufungue ugwe, uulaze, usiuegemeze ukutani. Na umpelekee bibi auone.

MjukuuWaFarkwa

Ameshauona. Aliushika, akapitisha kidole gumba kwenye vinundu vyote vitatu, akauliza mkole nimekata upande gani wa shamba.