Naomba ushauri: picha zangu za magome, mawe na mwanga wa Usambara zinatoka bapa, ninunue kamera gani?

Mtembea Milima (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Ninaishi Lushoto, na burudani yangu kubwa ni kutembea kwa miguu vijijini na pembezoni mwa msitu wa Magamba nikipiga picha za vitu ambavyo watu wengi huvipita bila kuvitazama: gome la mwerezi lililochanika nyuzi nyuzi, jiwe lenye viraka vya ukoga, matuta ya viazi baada ya mvua, mwanga unaopenya kati ya matawi. Sipigi picha za watu wala za harusi. Ninachotaka ni mtazamaji ahisi kwamba anaweza kulipapasa lile gome kwa kidole.

Tatizo ni kwamba picha zinatoka bapa. Kwa macho yangu naona nyufa, magamba na vinundu, lakini nikifungua simu nyumbani nakuta rangi ya kahawia iliyotandazwa, na kila palipopigwa na jua pameungua na kuwa peupe pe. Nimeambatisha mbili mzione, ya jiwe na ya matuta. Ninayo moja tu ninayoipenda kweli, niliyoipiga Irente, ukingoni mwa mlima, asubuhi jua likichomoza, nyika yote ya Umasai ikiwa imegawanyika nusu giza na nusu nuru. Tangu hapo sijapata nyingine ya kuifikia.

Naomba mnishauri kamera ya mtumba yenye kihisi kikubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), pamoja na lenzi ya kuanzia. Nitashukuru nikipata majibu mapema, kwa sababu kuna jambo linanibana.

Fundi wa Kivuli

Karibu sana, ndugu. Kabla hatujafika kwenye kamera, naomba utuambie unatembea saa ngapi, na hilo linalokubana ni nini.

Ninauliza saa kwa sababu ukwaru wa kitu kwenye picha ni kivuli, wala si kingine. Usiku wa leo chukua tochi, imulike ukuta wako uso kwa uso, kisha ilaze ubavuni mwa ukuta huo huo. Mara ya kwanza ukuta utaonekana laini, na mara ya pili utaona kila punje ya mchanga na kila mstari wa mwiko wa fundi aliyeupiga lipu. Ukuta haukubadilika. Mwanga ukikigonga kitu uso kwa uso, kila kivuli hujificha nyuma ya kitu chenyewe, na hapo hakuna kihisi duniani kitakachokirudisha.

Mama Mikoko

Umenigusa, mwanangu. Mimi niko Unguja na ninapenda kupiga picha mizizi ya mikoko maji yakitoka, wakati tope bado lina unyevu na jua la alasiri linalala. Tope lile lina mistari midogo iliyochorwa na maji yanaporudi baharini, na kaa wanaacha vijidonge vya mchanga kuzunguka mashimo yao. Marehemu baba alikuwa mvuvi, naye alinifundisha kuutazama mchanga kabla ya kuutazama upeo, kwa sababu mchanga ndio unaokuambia maji yamefika wapi. Ukija huku upite pia Mji Mkongwe jioni uone kuta za mawe na chokaa zinavyobadilika sura kwenye vichochoro. Kuhusu kamera sina la kusema, natumia simu ya kawaida.

Kioo Safi

Mimi nitajibu alichouliza. Kihisi kikubwa kitamsaidia, hasa msituni kwenye giza, na pia kwa sababu simu nyingi zina tabia ya kulainisha picha zenyewe bila kuombwa: programu inadhani vinyuzi vya gome ni chenga, inavifuta. Tafuta kamera inayohifadhi faili ghafi, yaani picha ambayo programu haijaigusa, lenzi inayoweza kusogea karibu sana na kitu, na stendi ya miguu mitatu. Funga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo) ili gome lote liwe na makali, kisha acha shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga uingie, ifanye kazi yake taratibu juu ya stendi. Ongeza kichujio cha kukata mng'ao, maana majani yaliyolowa yanang'aa hadi yanapoteza rangi yake ya kijani. Vitu hivi kila mpiga picha wa mazingira anavyo.

Mtembea Milima

Nashukuru sana, Kioo Safi, hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Fundi, ninatembea muda wowote ninaopata nafasi. Naomba tujikite kwenye kamera, kwa sababu mambo ya mwanga nitajifunza nikishakuwa na chombo mkononi.

Fundi wa Kivuli

Ndugu yangu, picha ya jiwe uliyoiambatisha inakujibia. Kivuli cha jiwe kimekaa chini ya jiwe lenyewe kama mkeka uliokunjwa. Hiyo ni saa sita au saa saba mchana. Na picha ya pili, ya matuta, ni vivyo hivyo. Kama unatembea mchana tu, useme, kwa sababu ushauri utabadilika kabisa.

Mtembea Milima

Sawa, nitasema. Mama yangu alipata kiharusi, na mimi ndiye ninayeishi naye. Asubuhi namwogesha, namgeuza na kumlisha, na jioni ni hivyo hivyo mpaka alale. Mama mdogo anakuja kunipokea kuanzia saa sita hadi saa tisa alasiri, na hapo ndipo ninapotoka. Sina asubuhi wala jioni ya kutembea, na sitaki mtu anishauri niamke alfajiri nikimbilie mlimani, kwa sababu alfajiri ndiyo saa anayonihitaji zaidi.

Kuhusu kinachonibana: nimeshatoa arubuni. Kuna muuzaji wa Tanga mwenye kamera ya mtumba na lenzi yake kwa shilingi milioni mbili na laki tatu. Nimempa laki nne, na salio anataka mwisho wa mwezi. Fedha ni yangu, imetoka kwenye mauzo ya viazi, wala sijagusa ya dawa. Nimefikiri hivi: kama siwezi kubadilisha saa, basi nibadilishe chombo. Sioni kosa lililomo humo.

Mzee wa Nasaha

Pole sana kwa kuuguza, kijana wangu. Radhi ya mzazi haina bei, na Mungu atakulipa kwa hayo unayoyafanya. Hata hivyo, milioni mbili na laki tatu si fedha ndogo kwenye nyumba yenye mgonjwa. Leo dawa zipo, kesho zinaweza kuhitajika nyingine. Mwombe muuzaji akurudishie arubuni yako, na magome ya miti yatakungoja.

Mtembea Milima

Mzee wangu, shikamoo, na ninaupokea ushauri wako kwa heshima. Lakini naomba unielewe kwamba saa zile tatu ndizo zinazonirudisha nyumbani nikiwa na subira ya kumgeuza mtu usiku kucha. Nikizitumia vibaya naumia mimi na anaumia yeye. Sinunui kamera kwa kujionyesha.

Mkaazi wa Ughaibuni

Niko Uingereza, na huku matembezi ya mashambani ni jambo la kila mwisho wa juma. Nataka kumwambia mwanzisha uzi kwamba ushauri mwingi anaoukuta mtandaoni kuhusu kupiga picha jua likiwa chini umeandikwa na watu wa huku, kwa jua la huku. London mwezi Desemba, saa sita mchana, jua halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Mchana mzima lina ulalo ambao Lushoto unapatikana saa ya kwanza tu baada ya kuchomoza na saa ya mwisho kabla ya kuzama. Hapa unaweza kuamka umechelewa, ukanywa chai, ukatoka saa tano, na bado ukakuta kila jani la nyasi lina kivuli kirefu. Huko nyumbani jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa kila saa moja, kwa hiyo ule mwanga mzuri hudumu saa moja hivi kisha umekwisha. Usijihukumu kwa kipimo cha nchi nyingine.

Msema Wazi

Wakuu, samahani, lakini mimi naona tunanyweshwa chai. Soma tena alivyoanza. Anasema alipiga picha Irente asubuhi jua likichomoza juu ya nyika ya Umasai. Mimi nimefika Irente. Ukisimama ukingoni pale unatazama upande wa magharibi, na jua linapochomoza linakuwa nyuma ya mgongo wako. Pili, ametuambia hana asubuhi hata moja. Sasa hiyo picha kaipigaje? Halafu ghafla anatokea muuzaji, bei na salio la mwisho wa mwezi. Nyuzi za namna hii tumeziona: mtu anahadithia mgonjwa, mwishoni anaomba mchango au anatangaza kamera yake mwenyewe.

Kioo Safi

Hilo la Irente sikuliwaza. Mwanzisha uzi atujibu.

Mgosi wa Mtae

Ngojeni kwanza. Mimi nimezaliwa Mtae, kwenye ukingo huo huo wa milima, nasi huko tunatazama nyika ya Mkomazi kutoka juu. Msema Wazi amesema kweli kwamba Irente inatazama magharibi, lakini amesahau mlima wenyewe. Jua likichomoza nyuma yako, safu nzima ya Usambara inatupa kivuli chake kule chini kwenye nyika. Ng'ambo ya kivuli nyika imeshawaka, na huku karibu bado ni giza la bluu. Kadiri jua linavyopanda, ule mpaka unarudi taratibu kuelekea miguuni mwa mlima hadi unakwisha. Hiyo ndiyo nusu giza na nusu nuru anayoisema, na mtu ambaye hajawahi kuiona asingeweza kuibuni. Yeye hakuandika kwamba jua lilikuwa mbele yake.

Mwanzisha uzi, pole kwa kuuguza. Ukiingia ndani ya hifadhi ya Magamba usisahau kupita kwa watu wa misitu ulipe kiingilio, maana ukikutwa na kamera kubwa bila kibali utaulizwa maswali mengi.

Mtembea Milima

Asante, Mgosi. Picha ya Irente niliipiga kabla mama hajaugua. Wakati huo nilikuwa na asubuhi zangu. Ndiyo maana nimesema tangu hapo sijapata ya kuifikia, na sikuona haja ya kueleza zaidi kwa sababu niliuliza habari za kamera. Msema Wazi, siuzi kitu na siombi mchango wa mtu.

Msema Wazi

Maelezo ya Mgosi yameniridhisha kuhusu kivuli. Kuhusu muuzaji bado nina mashaka, ila sasa mashaka yangu ni kwa ajili yako, si dhidi yako. Usitume salio kwa simu bila kuishika kamera.

Fundi wa Kivuli

Sasa tunaweza kuzungumza. Ndugu, saa zako tatu si mbaya kama unavyodhani, ila umekuwa ukizielekeza pasipofaa. Jua la mchana linaanguka kutoka juu. Likianguka juu ya matuta, juu ya jiwe lililolala au juu ya njia, linayapiga uso kwa uso, na ndiyo maana yanatoka bapa. Lakini shina la mti limesimama wima. Jua hilo hilo linateleza kutoka juu kwenda chini kando ya gome, na kila gamba linatupa kivuli kirefu chini yake. Ni ile tochi uliyoilaza ubavuni mwa ukuta. Asubuhi na jioni ni saa za ardhi. Mchana ni saa ya vitu vilivyosimama: mashina, kingo za barabara zilizochimbwa, miamba iliyokatika, kuta za udongo za nyumba za zamani.

Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini kwenu mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa Juni jua la mchana linaegemea kaskazini kwa nyuzi 28 hivi, kwa hiyo tafuta upande wa kaskazini wa shina. Desemba linaegemea kusini, nawe zunguka upande wa pili. Kumbuka pia kwamba kwenu jua hufika kileleni karibu saa sita na nusu kwa saa ya ukutani, si saa sita kamili.

Kwenye simu, gusa kioo mahali palipopigwa na jua, kisha telezesha kidole kushusha mwanga mpaka weupe ule uonyeshe tena vinyuzi. Vivuli vitakuwa vyeusi, viache viwe vyeusi. Na siku za kipupwe ukungu ukitanda, achana na magome ya kukwaruza, uende kwenye ukoga, majani mapya na lile ua la Usambara lenye majani ya manyoya laini, kwa sababu hayo yanapendezwa na mwanga usio na upande.

Mtembea Milima

Nimerudi. Nimesimama mbele ya mwerezi mmoja ulio kando ya njia mpaka mwanga ukapenya kati ya matawi ukateremka upande mmoja wa shina. Nimeshusha mwanga kama ulivyosema. Picha nimeiambatisha. Nyuzi za gome zimejitenga moja moja, na pale zinapopishana kuna kivuli chembamba kama uzi mweusi. Chini yake nimeweka picha ya mwerezi huo huo niliyoipiga zamani kutoka upande mwingine, kwa simu hii hii.

Hata hivyo kamera bado naitaka. Kwenye kivuli simu imelainisha, na ukikuza utaona ukoga umekuwa rangi tupu, jambo ambalo Kioo Safi alilisema mapema.

Fundi wa Kivuli

Nimeziona zote mbili. Ya mwerezi ni nzuri kwa kweli, na kasoro ya ukoga ni ya simu, siyo yako.

Kioo Safi

Basi usilipe salio lote. Muulize huyo muuzaji kama ana mwili wa kamera (kamera bila lenzi) wa kizamani zaidi wenye kihisi kidogo, na lenzi moja ya kupigia karibu, ambavyo bei yake yote haitafika nusu ya hiyo, kisha arubuni yako ihamie huko. Akikataa, mwambie unataka kuishika kamera Tanga mchana kweupe, uifungue lenzi na kuikagua kama ina kuvu ndani, maana unyevunyevu wa pwani huharibu vioo vingi.

Mama Mikoko

Na mama mdogo asikose kuonyeshwa hiyo picha ya mwerezi, mwanangu, yeye ndiye aliyekupa hizo saa.

Mtembea Milima

Ameshaiona, na mama pia nimemshikia simu karibu na jicho lake zima. Muuzaji nimempigia. Amekubali nije Tanga Jumamosi hii, na mama mdogo amekubali kulala hapa. Nitauliza huo mwili wa kizamani kwanza.