Mrejesho: Mwandishi wa kipindi cha vikaragosi amenijibu

Niliwauliza nimwulize nini mwandishi wa kipindi cha vikaragosi tunachokipenda, nanyi mkanishauri niache habari za ugomvi wa wasanii, nimwulize kuhusu kazi yenyewe. Nawashukuru sana, kwani alijibu kwa ukarimu. Alieleza kwamba mchezeshaji hukiinua kikaragosi juu ya kichwa chake huku akikitazama kwenye skrini, na kwamba mhusika akiandikiwa kufungua barua kwa mikono miwili, mara nyingi huhitajika mchezeshaji wa pili wa kubanana naye. Sasa naelewa kwa nini Jerry Juhl, aliyekuwa mwandishi mkuu wa The Muppet Show, kipindi cha televisheni cha vikaragosi, kuanzia msimu wa pili, aliimudu kazi hiyo: alianza akiwa mchezeshaji. Nilimwuliza pia kuhusu nyimbo za kipindi; ameahidi kunijibu baadaye.