insertRow, innerHTML au template: mnaongezaje mistari kwenye jedwali?

mstari_mmoja:
Wakuu, nina jedwali la HTML lenye `<thead>` (kichwa), `<tbody>` (mwili) na `<tfoot>` (mguu) ya jumla. Data ikiingia, JavaScript inaongeza mstari. Shida ni kwamba mistari mipya inakwenda kukaa chini ya jumla, na inavaa hata ile rangi ya kijivu ya tfoot! Kodi ndiyo hii:

`const m = jedwali.insertRow(-1);`
`m.insertCell().textContent = jina;`

Nataka kuachana na insertRow nihamie innerHTML, yaani kuandika HTML ya mistari kama maandishi. Ninyi mnatumia nini?

seli_tupu:
Usiihame bure, mkuu, hapo hakuna hitilafu. Umeiita insertRow kwenye jedwali zima, na kwa jedwali zima -1 ni mwisho wa `jedwali.rows`. Orodha hiyo hupanga thead kwanza, kisha tbody zote, tfoot mwisho, hata kama kwenye faili tfoot uliiandika juu. Mstari wa mwisho ni wa jumla, basi mgeni anapelekwa kwa mzazi wa huo mstari. Mzazi ni tfoot.

Iite kwenye sehemu yenyewe:

`jedwali.tBodies[0].insertRow()`

Usipoandika namba inachukuliwa kuwa -1, ila safari hii ni mwisho wa tbody tu.

kodi_usiku:
Mimi ni mtu wa innerHTML na sijutii. Mistari 500 naijenga kama maandishi, naiunganisha kwa `join('')`, naiweka kwenye tbody mara moja. Kwisha.

bi_nukta:
@kodi_usiku mara moja sawa. Lakini mwenzetu anaongeza mmoja mmoja, ataishia kuandika `innerHTML +=`. Kila mara tbody yote inabomolewa na kujengwa upya, na visikilizi vya kubofya (kodi inayoitika mtu akibofya) alivyofunga kwenye mistari ya zamani vinapotea. Halafu hilo `jina` linatoka kwa nani? Akija mtu akajaza `<img src=x onerror=...>`, kodi yake inaendeshwa kwenye ukurasa wako, umemkaribisha sebuleni. textContent ingeliweka kama maandishi tu.

kodi_usiku:
Hilo la jina nakubali. 😅

fundi_wa_lebo:
Mimi nachagua `<template>`, kiolezo cha HTML kisichoonekana mpaka ukinakili. Sababu yangu ni moja: insertCell inazaa `<td>` peke yake. Ukitaka seli ya kwanza iwe `<th scope="row">` (seli ya kichwa cha mstari) ili kisoma skrini kijue mstari unamhusu nani, itabidi urudi kwenye createElement. Kwa template unaandika `<tr>` yako kamili, unanakili kwa `cloneNode(true)`, unajaza, kisha `tbody.append`.

Ila msijaribu kuiweka hiyo `<tr>` ndani ya div kwa innerHTML. Kivinjari kinatupa tr na td, yanabaki maandishi matupu. Nilipoteza jioni nzima hapo nikidhani CSS yangu ndiyo mbovu.

mstari_mmoja:
Nimeweka tBodies[0], jumla imetulia chini. Asanteni! Sasa kufuta: nazunguka kuanzia 0 hadi `rows.length` kwa `deleteRow(i)`, nusu ya mistari inabaki.

seli_tupu:
`rows` ni orodha hai. Ukifuta wa 0, aliyekuwa wa 1 anakuwa 0, nawe umeshasogea kwenye 1. Tumia `tbody.replaceChildren()` inayoondoa yote kwa mkupuo, au futa kwa `deleteRow(-1)` mpaka iishe.

Na usifute tbody yenyewe ukategemea `createTBody()` ikurudishie ile ya zamani. `createTHead()` hurudisha iliyopo kama ipo. `createTBody()` huzaa mpya kila ukiiita. Nimewahi kukuta jedwali lina tbody kumi na moja, kumi hazina kitu.

mstari_mmoja:
La mwisho, wakuu. Naandika namba za mistari kwa `rowIndex + 1`, mbona inaanzia 2?

bi_nukta:
Umehesabu na mstari wa thead. Badala ya `rowIndex` weka `sectionRowIndex`, inahesabu ndani ya tbody tu.