Mwanangu anafikicha macho kila siku. Dawa ya matone inamtuliza, lakini sasa haoni ubaoni

MamaDullah_Dom

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaofanya kazi vitengo vya macho.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 8, yuko darasa la pili. Tunaishi Dodoma, nauza nyanya na vitunguu soko la Majengo. Tangu akiwa na miaka mitano huyu mtoto anafikicha macho, na si ule ufikichaji wa mtoto mwenye usingizi. Anatumia vifundo vya vidole, anazungusha, anazungusha, mpaka ukikaa karibu unasikia jicho linavyolia ndani. Asubuhi anaamka na tongotongo nyeupe zinazovutika kama uzi. Weupe wa macho si mweupe tena, umeingia rangi ya udongo kuuzunguka ule weusi. Kuanzia Julai upepo wa hapa ukianza kupiga vumbi ndiyo mateso yenyewe. Akitoka nje juani anainamisha kichwa, anatembea ameshika ncha ya khanga yangu kama mtoto wa miaka miwili.

Sasa kuhusu dawa. Januari 2024, Dar ilipokumbwa na ule ugonjwa wa macho mekundu, wifi yangu wa Mbagala alinunua dawa ya matone duka la dawa. Alipokuja kututembelea chupa ilikuwa imebaki nusu, akaniambia jaribu kwa mtoto. Wallahi siku ya pili macho yalikuwa meupe. Mtoto alilala usiku mzima bila kujikuna, nikalia. Nikapiga picha boksi, na tangu hapo naipata duka la jirani kwa shilingi 3,000. Mwaka jana nilimwekea vipindi vipindi tu, lakini mwaka huu tangu Juni sijaacha, kwa sababu nikiacha siku tatu hali inarudi kwa hasira. Hii ni chupa ya saba.

Wiki iliyopita mwalimu wake kaniita. Anasema mtoto anasogea mpaka pua inakaribia ubao, na siku nyingine ananakili kwa mwenzake. Mama mkwe anasema nisithubutu kumpa miwani, eti mtoto akizoea miwani macho yanalala moja kwa moja.

Je, dawa imeishiwa nguvu nitafute kali zaidi? Na niende kwa nani, daktari wa macho au hawa wanaopima miwani? Bima sina, na siku nisiyofungua meza sokoni ni siku ya kulala na deni. Nikienda pasipo penyewe nimepoteza.

Kihonda_Boy

Pole mama. Kwetu tulikuwa tunatumia maziwa ya mama anayenyonyesha, matone mawili asubuhi na jioni. Mtoto wa dada yangu alipona kabisa. Jaribu kabla ya kupoteza hela.

Optomu_Singida

Ndugu wa Kihonda, nakuomba ushauri huo usiurudie. Maziwa yana sukari na bakteria, na jicho la huyu mtoto huenda tayari lina mikwaruzo.

Dada, pole sana. Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani mpimaji wa macho na miwani, nilisoma KCMC Moshi, sasa niko hospitali moja mkoani Singida. Kabla sijasema lolote, chukua boksi la dawa usome yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Kuna neno linaloanza na dexa, predni au beta? Nijibu leo leo.

MamaDullah_Dom

Asante kaka. Nimesoma kwa tochi ya simu. Kuna dexa, halafu kuna neno jingine linaanza na neo.

Optomu_Singida

Nilihofia hivyo. Hiyo neo ni antibayotiki, wala haina kazi kwa tatizo la mwanao. Inayomtuliza ni deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Dawa haijaishiwa nguvu dada. Ina nguvu kupita kiasi, na ndiyo maana nakuandikia saa hizi.

Kwa maelezo yako mtoto ana aleji ya macho, ile sugu ya watoto wa nchi za joto na vumbi. Inaanza kabla ya miaka kumi, inawapata zaidi wa kiume, na wengi inawaachia wakishabalehe. Maana yake una miaka kadhaa ya kuishi nayo, na kazi yetu ni kuhakikisha inapoondoka inayaacha macho yakiwa mazima. Steroidi sisi pia tunaitumia jicho linapokuwa limechachamaa, lakini ni kwa muda mfupi, tukiwa tunapima.

Tunapima nini? Presha ya jicho, ambayo si ile presha ya damu. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka kupitia kichujio kidogo sana pembeni. Kwa baadhi ya watu steroidi inakifanya kichujio hicho kiwe kama chujio la chai lililojaa majani. Maji yanaendelea kuja, hayatoki, presha inapanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu wa jicho. Kawaida ni 10 hadi 21. Nimewahi kupima mtoto wa darasa la nne nikakuta 38, na alikuwa amekaa anatabasamu. Haiumi dada, hilo ndilo linalonitoa usingizi. Mtoto hatakwambia lolote, na macho yatakuwa meupe mazuri kwa sababu dawa inayafanya yawe meupe. Sehemu ya mshipa iliyokufa hairudi, hata kwa operesheni.

Kutoona ubaoni kunaweza kuwa jambo dogo, yaani haoni mbali na miwani inamtosha. Au kioo cha mbele cha jicho kimeanza kuchongoka kwa kufikichwa miaka mitatu. Au steroidi imemwekea mtoto wa jicho, maana nayo inafanya hivyo hata kwa watoto wadogo. Au ni mshipa. Mimi nikiwa Singida siwezi kujua, na wewe usinunue miwani kwa mtu yeyote ambaye hajayaangalia yote manne.

Kwa hiyo nenda kitengo cha macho cha hospitali, Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, zote ziko hapo Dodoma. Huko atakayeanza kumwona mwanao pengine ni mtaalamu wa optometria kama mimi. Atamsimamisha mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi E, mtoto ataonyesha kwa vidole E imeelekea wapi. Ataweka kidevu kwenye mashine, atageuzwa kope la juu, ambako watoto hawa huwa na vinundu vilivyopangana kama kokoto. Hivyo vinakwaruza jicho kila anapopepesa. Atapimwa presha, na usiondoke bila kuambiwa namba. Anaweza kuwekewa matone ya kupanua mboni, kwa hiyo siku hiyo vitu vya karibu ataviona kwa ukungu, na mwanga utamchoma, mbebee kofia. Likionekana tatizo linalohitaji daktari bingwa, yuko jengo hilohilo. Hupotezi safari.

Beba chupa na boksi. Usinunue ya nane, wala usitafute kali zaidi. Nenda kabla wiki haijaisha, daktari akuambie namna ya kuiacha, maana ukikata ghafla baada ya miezi mitano hali inaweza kulipuka. Kwa sasa, akianza kujikuna, loweka kitambaa safi kwenye maji ya baridi umwekee juu ya macho yaliyofumbwa dakika tano. Mkono usiende machoni.

Na mama mkwe mwambie kwa heshima zote: miwani hailazi macho. Jicho la mtoto linalala pale linapohitaji miwani na kuikosa.

Mtoto_wa_Pongwe

Mama Dullah, nenda kesho. Mimi niko Tanga. Mdogo wangu alitumia matone kama hayo tangu darasa la tatu mpaka kidato cha pili, tukinunua wenyewe bila cheti na hakuna duka lililowahi kutuuliza ni ya nani. Tuligundua siku alipogongwa na baiskeli iliyotokea upande wa kushoto, akasema haikuwepo. Jicho la kushoto sasa anaona kama anachungulia tundu la ufunguo. La kulia wameliokoa, anatumia dawa ya presha kila usiku na ataitumia maisha. Ana miaka 19, alitaka kuwa dereva. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa dukani.

Mwalimu_Kilifi

Salaam kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu wa msingi, kila mwaka napata mmoja au wawili hivi. Mkifika hospitali ombeni barua ya shule, ikae wazi kwamba mtoto aruhusiwe kofia yenye ukingo uwanjani, akae mstari wa mbele mbali na dirisha, na asipewe zamu ya kufagia darasa. Bila barua kuna mwalimu atamvua kofia gwaride la asubuhi, na ndipo jua linapomchoma zaidi.

MamaDullah_Dom

Ndugu zangu, samahani kwa kimya. Zimepita wiki tatu, narudi kuwapa majibu.

Nilikwenda siku ya pili yake, meza nikamwachia jirani. Presha ilikuwa 29 kulia na 27 kushoto. Nilipouliza namba, yule dada aliyempima alinitazama akaniuliza nani kanifundisha. Kope lilipogeuzwa akaniita nione mwenyewe, kokoto kweli kaka wa Singida, zimejipanga. Siku zote nilikuwa nafuta tongotongo kwa nje, sikujua kilichoko ndani.

Daktari alisema mshipa bado mzima na hakuna mtoto wa jicho. Hapo miguu iliniisha nguvu, nikakaa chini sakafuni. Steroidi tumeishusha taratibu kwa ratiba aliyoniandikia kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni. Tukapewa matone ya kushusha presha, na ya aleji yanaitwa kromoglikati, mara nne kwa siku. Alinionya hayatatuliza kwa siku mbili kama yale ya mwanzo, nivumilie. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, usiku wa tatu nilikaa nimemshika mikono yote miwili mpaka alfajiri. Jana tumerudi kupimwa: 18 na 17.

Miwani ameandikiwa, haoni mbali. Fremu na vioo vimenigharimu 55,000, nimelipa nusu, nusu mwisho wa mwezi. Mama mkwe aliguna, lakini juzi mtoto alimsomea namba ya bodaboda iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akanyamaza. Barua ya shule ipo, Mwalimu wa Kilifi, asante. Na wewe ndugu wa Tanga, nimekuombea na mdogo wako pia.

Kuna jambo moja zaidi. Jirani aliyeniwekea meza ana binti wa miaka sita, naye anafikicha. Nilipomsimulia alifungua mkoba akanitolea chupa. Kizibo kilekile, duka lilelile. Nimemwambia Alhamisi mimi ndiye nitakayekaa kwenye meza yake.