Uzamivu wa uhandisi mitambo: elementi finaiti au ujifunzaji wa mashine?

Mwana wa Ngamiani, Tanga
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mhitimu wa uhandisi mitambo, na sasa nahudumia korona, ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge, katika shamba moja. Shafti imekatika mara mbili ndani ya miezi minane, zote palepale kwenye kona ya nafasi ya kabari (mfuo wa kuingizia kipande kinachoifunga shafti na gurudumu lake), nami nikapata hamu ya kurudi chuoni hadi uzamivu nitafiti namna ya kubashiri kwa kompyuta uchovu wa chuma, yaani kupasuka polepole kwa mzigo unaojirudia. Wenzangu wanasema elementi finaiti, yaani kukigawa kifaa katika vipande vidogo na kukokotoa kila kimoja, zimepitwa na wakati, nishike ujifunzaji wa mashine peke yake, yaani kompyuta ijifunze yenyewe kutokana na data. Naomba ushauri.

Mhadhiri Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Ni kweli elementi finaiti ni za zamani, kwani jina hilo mhandisi Mmarekani Ray Clough alilitumia mwaka 1960, lakini ndizo zitakazokupa data ya kufundishia mtandao wako wa neva (programu inayojifunza kwa mifano mingi), maana hakuna shamba litakalokuruhusu uvunje shafti elfu moja. Jaribu hivi: ichore shafti yako, iache kona ya ndani ikiwa kali kabisa, kisha punguza ukubwa wa elementi hapo mara kwa mara. Utaona mkazo unazidi kupanda bila kutulia. Ukiiviringisha kona hiyo kidogo tu, hesabu inatulia. Asiyelijua hili ataufundisha mtandao ukubwa wa elementi zake, huku akiamini anaufundisha tabia ya chuma. Tasnifu za namna hiyo nimezisoma, na zilikuwa na grafu za kupendeza sana.

Mtafiti wa Raskazoni
Naunga mkono. Mwaka 2019 Raissi, Perdikaris na Karniadakis walichapisha njia ambayo mtandao huadhibiwa kila unapokiuka milinganyo ya fizikia. Inafaa hasa pale unapotafuta kisichojulikana, kama vile sifa za mata, kutokana na vipimo vichache. Kwa tatizo la kawaida kama lako, elementi finaiti mara nyingi humaliza mapema na kwa usahihi zaidi. Kwa hiyo chagua msimamizi anayezijua mekanika, programu utajifunza mwenyewe. Je, vipande vilivyokatika unavyo? Uso wa mvunjiko wa uchovu huwa na mistari kama ile inayoachwa na maji yakikupwa, nayo huonyesha ufa ulipoanzia.

Mwana wa Ngamiani, Tanga
Nashukuru sana. Cha kwanza kiliuzwa pamoja na vyuma chakavu. Cha pili kiko stoo, na kesho nitakisafisha nikipige picha.